Semina ya jioni tatu ya kusema ukweli kazini: inafaa, ila jioni ya pili muivumilie

Wengi wananiuliza kama ile semina ya parokia, ile ya kumfundisha Mkristo namna ya kukataa uovu kazini, inastahili franka elfu tano na jioni tatu za mtu aliyechoka. Inastahili. Jioni ya kwanza ni nzuri, ya tatu ni nzuri kuliko ya kwanza, na ya pili utaivumilia. Jina la parokia silitaji. Waandaaji wenyewe waliomba isitangazwe ovyo, maana siku hizi mji wetu una masikio mengi. Anayeitaka amuulize jirani yake Mkatoliki, atafikishwa.

Mimi ni keshia katika depo moja ya vyakula huku Birere, mjini Goma. Tunauza mchele, unga wa mahindi, sukari, mafuta na chumvi. Tena si Mkatoliki. Nimelelewa CBCA, kanisa la Kibaptisti, nikabatizwa kwa kuzamishwa, na sina mazoea ya kuwasha mshumaa mbele ya picha ya mtu. Nilikwenda kwa sababu binti wa dada yangu alinisukuma, na kwa sababu kazini kulikuwa na jambo lililoninyima usingizi. Nitalifikia.

Tulikaa katika darasa la shule ya msingi, kwenye benchi za watoto, magoti yamebanwa na meza. Umeme haukuwepo, taa ilikuwa ya sola. Mlangoni unalipa kwa Airtel Money au pesa ya mkononi. Tangu benki zifungwe mwanzoni mwa 2025 tumeshazoea. Simu zinazimwa na kuwekwa kwenye kikapu kimoja, hakuna picha, na hakuna anayeulizwa jina la mahali anapofanya kazi. Kwa jambo hilo nawapa alama zote. Nimehudhuria mikutano mingi ya haki za binadamu hapa Goma ambapo kabla ya sala ya kufungua umeshapigwa picha na kujazishwa orodha yenye namba yako ya simu, halafu wanakuambia uwe huru kusema.

Jioni ya kwanza ni ya mwalimu mmoja mzee, mstaafu, mwenye sauti ya chini. Yeye anasimulia habari za Floribert Bwana Chui. Nilidhani nazijua. Nani Goma hajui? Kijana wetu, aliyezaliwa hapa tarehe 13 Juni 1981, akasoma sheria hapa hapa, akawa mwanajumuiya wa Sant'Egidio, jumuiya ya walei Wakatoliki, na rafiki wa maibobo, wale watoto wa barabarani ambao sisi wengine tunawapita tumeshika mikoba. Akaajiriwa OCC, ofisi ya serikali inayokagua bidhaa. Chakula kilichoharibika kikafika mpakani, wenye mali wakataka kipite, wakaleta pesa, akakataa. Tarehe 7 Julai 2007 akatekwa, na siku mbili baadaye mwili wake ukakutwa, umeteswa. Papa Fransisko aliwasimulia vijana habari zake pale Kinshasa Februari 2023, na tarehe 15 Juni 2025 Floribert akatangazwa mwenye heri Roma, katika Basilika ya Mtakatifu Paulo Nje ya Kuta.

Hayo yote tunayasikia kanisani kwao na redioni. Mzee alichofanya ni kutushusha kutoka Roma hadi mezani. Alituuliza, kwa upole kabisa, karatasi inayosema chakula hiki hakifai huwa na nini ndani yake. Kijana mmoja deklaran, anayepitisha mizigo pale Grande Barrière, mpakani na Rwanda, akasimama akaeleza: sampuli, maabara, tarehe, muhuri, sahihi. Mzee akasema basi tuache kwanza maneno ya shahidi na mtakatifu, tuangalie sahihi tu. Kijana wa miaka 26 alikuwa na kazi ya kuweka au kutoweka jina lake chini ya karatasi. Hakuhubiri sokoni wala hakumtukana mtu. Alikataa kuandika kwamba kibovu ni kizima.

Mimi hapo nikaacha kuangalia saa. Kwa sababu hiyo ndiyo kazi yangu pia, kwa ngazi ya chini kabisa. Mfuko wa unga ukishapita mpakani ukafika Birere, mtu wa mwisho kuandika kitu juu yake kabla mama wa Majengo hajaununua ni mimi, na biki yangu.

Padri alimalizia kwa dakika chache, na hakutuahidi kwamba woga utaisha. Alisoma habari za Getsemane, akasema Yesu mwenyewe alitokwa na jasho na akaomba kikombe kiondoke, kwa hiyo anayetetemeka asidhani imani yake imepungua. Sijasikia mahubiri mafupi kama hayo upande wetu, na ninawapenda wachungaji wetu.

Sasa jioni ya pili. Waliitoa kwa mhubiri mgeni, kijana wa tai nyembamba, ambaye alipiga kelele tangu mwanzo hadi mwisho. Kila sentensi "Amina?" na sisi "Amina!" Alileta ushuhuda wa mtu aliyemfichua mkubwa wake akapandishwa cheo, mwingine akapata gari, mwingine viza ya Kanada. Niliangalia wenzangu kwenye benchi. Muuguzi aliyekaa kushoto kwangu alikuwa anachora maua kwenye kaye, daftari yake. Huku Kivu mtu asituambie kwamba anayesema kweli hupata gari. Askofu Mkuu Munzihirwa alisema, akauawa Bukavu tarehe 29 Oktoba 1996. Askofu Mkuu Kataliko aliandika ujumbe wake wa Noeli 1999, na mapema mwaka 2000 wenye bunduki wakamhamishia Butembo kwa nguvu; alirudi Bukavu Septemba, na tarehe 4 Oktoba akafariki akiwa Roma. Hao ndio ushuhuda wetu, na haukuja na viza.

Lakini kosa kubwa la jioni ile lilikuwa jingine, na naliandika kwa urefu kwa sababu waandaaji wanaweza kulirekebisha. Mhubiri alichukua Matayo 18, pale panaposema ndugu yako akikukosea uende ukamwonye mkiwa wawili peke yenu, asiposikia uchukue mmoja au wawili, asiposikia uliambie kanisa. Akatangaza kuwa hiyo ndiyo njia ya Mkristo kwa kila uovu, na anayeruka hatua ya kwanza ni msengenyaji.

Nyuma kabisa akainuka mama mmoja muuza sambaza, samaki wadogo wa ziwani, wa Kituku, kitenge chake bado kina magamba. Hakupaza sauti. Akauliza: "Papa mhubiri, mwalimu anamwambia mtoto wangu wa sekondari kwamba alama zake zitatoka akija kumwona jioni nyumbani kwake. Mtoto aende kumwonya wakiwa wawili peke yao?"

Darasa likanyamaza. Mhubiri akasema tuombe. Ninasema kama nilivyoona: mtu aliulizwa swali la mtoto, akafumba macho.

Aliyetuokoa ni sista mmoja muuguzi, ambaye hata hakuwa kwenye ratiba; alikuwa nyuma na birika la chai. Alisubiri Amina, kisha akasema maneno ambayo niliyaandika yote. Kwamba Yesu anazungumza juu ya ndugu aliyekukosea wewe, mtu mnayelingana naye, na lengo lake ni kumrudisha ndugu. Hakusema mwanakondoo akafanye mkutano na fisi. Kwamba mzee wa kanisa anayemtuma mtoto peke yake kwa mtu wa namna hiyo, anamtumikia mtu huyo. Kwamba sheria ya Kongo ya tarehe 20 Julai 2006 juu ya ukatili wa kingono inataja pia usumbufu wa namna hiyo kuwa kosa, hivyo mzazi ana mlango wa kubisha nje ya ofisi ya mkuu wa shule. Na kwamba kama mtoto ameshadhuriwa, hospitali kwanza, maneno baadaye, ndani ya saa 72, kwa sababu baada ya hapo dawa za kukinga Ukimwi hazitolewi tena. Kisha akashika birika lake akaendelea kumimina.

Mama wa Kituku aliondoka naye. Kilichofuata sikijui, wala si changu kukijua.

Kwa hiyo ombi langu kwa waandaaji: jioni ya pili mpeni sista. Mhubiri apewe chai.

Jioni ya tatu ndiyo ya mazoezi, na ndiyo inayofanya semina hii isifanane na mahubiri ya Jumapili. Mnagawanywa wawili wawili. Mmoja anakuwa bosi, mwingine anakuwa yule mwenye neno la kusema. Sista alitoa masharti: sentensi iwe fupi, iseme kitu ulichokiona kwa macho, si ulichokisikia wala ulichokishuku, isiwe na tusi, na isianze na Mungu. Hapo watu wakaguna. Mzee mmoja akauliza, sista, kwa hiyo tunamficha Bwana? Akajibu kwamba Bwana unaongea naye alfajiri, kabla hujatoka nyumbani, na hapo umwambie yote pamoja na woga wako. Mbele ya bosi anza na gunia. Ukianza na Mungu, bosi atakujibu juu ya Mungu, mtabishana mistari hadi saa sita, na gunia limekaa pale pale.

Nimelifikiria sana hilo. Sisi wa makanisa tunapenda kuingia na mistari. Mistari inatupa joto, halafu tunatoka tumesema mengi bila kusema kitu. Mwalimu mzee aliongeza habari za Nathani, ambaye alipotumwa kwa mfalme Daudi hakuanza na "Bwana asema hivi". Alianza na maskini mwenye mwanakondoo mmoja. Ni kweli, ingawa mimi Nathani ananisaidia kidogo tu, maana yeye alikuwa nabii na alikuwa na nafasi ya kuingia kwa mfalme. Wanaonisaidia ni Shifra na Pua, wale wakunga wa kitabu cha Kutoka. Wanawake wenye kazi ya mikono, wameamriwa na mkubwa waue watoto wa kiume, wakamcha Mungu na hawakufanya. Niliwataja, na padri akafurahi akasema Waprotestanti wanaijua Biblia. Tunaijua.

Zoezi lenyewe linachosha kuliko unavyofikiri. Bosi wangu wa kuigiza alikuwa yule kijana deklaran, na anajua kazi. Nikamaliza sentensi yangu, akaninyamazia, akapekua karatasi, kisha akauliza bila kuinua kichwa: "Nani amekutuma?" Nikaanza kujieleza. Maneno mengi, mikono hewani. Sista akagonga meza: rudia. Tukarudia mpaka nikaweza kusema "Hakuna aliyenituma" na kufunga mdomo. Kunyamaza baada ya kusema ndiko kugumu.

Na kaye. Kila mtu anapewa kaye ndogo ya kuandika tarehe, saa, kitu, hesabu, nani alikuwepo. Hakuna kuandika "nadhani". Hakuna kuandika hasira. Inakaa nyumbani, haikai kazini. Padri alisema kuandika hivyo nako ni namna ya kutomshuhudia jirani yako uongo, kwa sababu bosi naye ni jirani, na unaweza kumzulia bila kukusudia. Nilipenda kwamba haki ya yule mkubwa nayo ilikumbukwa.

Sasa jambo langu, ili mjue kama bidhaa hii inafanya kazi nje ya darasa.

Pale depo kulikuwa na unga wa mahindi uliokaa muda mrefu, ukavamiwa. Mnajua unga wa namna hiyo: ukichovya mkono unatoka na nyuzi nyembamba zinazonata, utando wa mabuu, na harufu kama ya mkeka uliolowa. Vijana walikuwa wanauchekecha usiku na kuutia katika mifuko mipya. Ukitaka kujua mfuko ulioshonwa upya, angalia juu. Mshono wa kiwandani umenyooka, una utepe, ukivuta uzi mmoja unafunguka wote kwa mara moja. Huu wa kwetu ulikuwa umeshonwa kwa mashine ya mkono, umepinda, na uzi wake ni wa rangi nyingine. Kazi yangu ilikuwa kuuandika kama mzigo mpya.

Watu wa nyumbani waliniambia mwenye nguvu mpishe. Shemeji akanikumbusha kodi ya nyumba. Wote wana haki, simlaumu mtu.

Baada ya semina niliandika kwenye kaye kwa muda. Kisha nikazungumza na mtu wa stoo, baba mmoja Mwislamu wa Birere, sisi tunasema papa, mwenye kuswali swala zake zote, ambaye naye hakuwa anapata usingizi. Nilipomwambia sitaki kwenda peke yangu alisema yeye alishanuia tangu Ramadhani, ila alikuwa anangoja mwenzake. Tukaingia pamoja asubuhi, kabla ya wateja. Nilikuwa nimeomba tangu saa kumi na moja alfajiri, na magoti yalikuwa yanacheza hata hivyo.

Nikasema: "Bosi, mifuko ile ya nyuma ina mabuu. Siwezi kuiandika kama mipya."

Papa wa stoo akasema: "Mimi pia siwezi kuitoa."

Bosi akanyamaza. Akapekua karatasi. Akauliza: "Nani amewatuma?" Karibu nicheke, Mungu anisamehe.

"Hakuna aliyetutuma."

Mifuko ile ilitoka. Iliuzwa kwa mfugaji wa nguruwe, kwa bei ya chakula cha nguruwe, na niliiandika hivyo. Uchekechaji wa usiku ulikoma. Wiki iliyofuata mpwa wa bosi akakaa kwenye kiti changu cha keshia, na mimi nikapelekwa mbele kupima kilo za sukari, kwa mshahara uliopungua. Papa wa stoo hakuguswa; funguo zote anazijua yeye.

Hapa ndipo semina inapokosa nyama. Inakufikisha kwenye neno, halafu inakuacha mlangoni. Hakuna saa hata moja ya kuzungumzia keshokutwa: mshahara, mkataba, barua ya kazi, mkaguzi wa kazi wa serikali, mume atasema nini. Habari za Bwana Chui zinakuandaa kwa jambo kubwa kabisa, kufa. Kinachotupata wengi wetu ni kidogo kuliko kufa, nacho kinarudi kila mwisho wa mwezi. Nilimwambia padri hivyo. Hakujitetea, aliandika.

Waliojaza pengo hilo ni wanawake wenyewe. Muuguzi aliyekuwa anachora maua, mama wa Kituku, mimi na wengine tumeanzisha likelemba. Kila Jumamosi tunachanga, na zamu ya kupokea inaruka foleni kama mmoja amepunguzwa au kufukuzwa kwa sababu ya kusema kweli. Si pesa nyingi. Kwangu ililipa nusu ya kodi mwezi ule mbaya. Kabla ya kuhesabu tunasali, mara Mkatoliki anaongoza, mara mimi, na tukikutana kwangu hakuna mshumaa. Papa wa stoo naye anachanga; anatuma kwa simu, kwa kuwa anasema kikao cha wanawake kina maneno mengi.

Mengine kwa kifupi. Mandazi ni ya jana, na yanakuja mwishoni wakati watu wametoka kazini na njaa, yaje mwanzoni. Kuanza saa kumi na moja na nusu ni kuchelewa kwa anayerudi Ndosho au Kyeshero, maana mnatoka gizani na wa moto, yaani wa pikipiki, wanapandisha bei. Waanze mapema kidogo, au wafanye Jumamosi mchana. Lugha ni Kiswahili chetu tangu mwanzo hadi mwisho, hakuna anayejionyesha kwa Kifaransa, ila mhubiri yule. Waislamu wanakaribishwa, nimeuliza. Wawili walikuwepo na hakuna aliyewalazimisha ishara ya msalaba.

Mkienda, ombeni kuwekwa kundi la sista siku ya mazoezi, na mchague bosi wa kuigiza anayejua kuwa mkali. Kaye wanayotoa ina karatasi nyepesi, wino unatokea upande wa pili. Nunueni yenu.